Mgeni wa AFCON na jiko la mama ntilie

Siku Simba ilipokuja uwanja wa Sheikh Amri Abeid, hapa Arusha, kucheza na Coastal Union ya Tanga, Machi 1, 2025, nilikunywa supu kwa mama mmoja upande wa Kaloleni. Siku zote ana sufuria mbili. Siku ile alikuwa na nne, na ya tatu ilikwisha kabla ya adhuhuri. Watu walishuka kwenye Coaster za Babati, Karatu na Moshi, jezi nyekundu zikiwa zimelowa jasho, wakauliza chapati kabla hata ya kuuliza geti liko wapi. Steven Mukwala alifunga mabao yote matatu. Mama yule jioni alikuwa hajui nani kashinda, alikuwa anaosha sahani.

Nimemkumbuka kwa sababu ya ubishi unaoendelea mjini tangu ilipojulikana kwamba AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika tutakaloliandaa pamoja na Kenya na Uganda, itafika Arusha. Ubishi wenyewe si wa soka. Ni wa mgeni: je, jiji linaloishi kwa watalii wa Serengeti na Ngorongoro linamhitaji kweli mtu anayekuja na vuvuzela?

Wenye kampuni za utalii wanaosita hawana chuki na mpira. Hofu yao ni ya watu wanaoijua kazi yao. Juni na Julai, miezi ya AFCON hiyo, ndiyo pia miezi yao. Nyumbu wanapanda kaskazini mwa Serengeti, vyumba vimeshikwa tangu mwaka uliotangulia, na mgeni aliyelipa mapema hataki kukwama kwenye foleni ya Sakina huku watu wakipuliza honi. Gari moja tu kushuka Kreta ya Ngorongoro ni karibu dola 300, hapo hujahesabu kiingilio cha kila kichwa, kambi, wala chakula. Ukimnyima kitanda mtu huyo ili umpe shabiki wa siku mbili, wanasema, umetoa ng'ombe ukapokea kuku.

Hesabu hiyo sina pa kuikosoa. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na mshahara wa mjomba aliyekuwa mpishi wa kambi, kwa hiyo sitasema dola ya safari haifiki kwa watu. Inafika. Lakini inapita kwenye mikono michache: ofisi, loji, dereva, hifadhi. Mgeni mwenyewe anatua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, analala usiku mmoja nyuma ya ua wa michongoma huko Usa River, na alfajiri Land Cruiser inampitisha Kisongo kuelekea Makuyuni. Arusha ameiona kupitia kioo. Nimekaa mji huu miaka mingi na sijawahi kumwona mtalii wa Serengeti akipanda kifodi, ile daladala yetu, isipokuwa wale vijana wa mabegi mgongoni, ambao nao hubishana nauli kuliko sisi.

Shabiki ni kiumbe kingine kabisa. Wengi watapitia Namanga, maana kutoka Nairobi hadi hapa ni safari ya nusu siku kwa gari. Atashuka stendi akiulizia gesti ya elfu ishirini. Akikosa tiketi ya mechi hatarudi kwao, atatafuta kibanda umiza na kulipa buku aone mpira na wenyeji. Usiku atapelekwa Kwa Mrombo kula nyama choma, na bodaboda atakayemrudisha atampandishia bei, atalalamika, atalipa. Pesa yake haipiti ofisini. Inatoka mfukoni inaingia mfukoni, noti kwa noti, kwa watu ambao miaka yote wamesikia kwamba wanaishi katika mji wa kitalii na hawajawahi kumuuzia mtalii hata karanga.

Ndiyo maana bei ya ule uwanja mpya wa AFCON, wa hapa Arusha kata ya Olmoti, hainitoki kichwani. Mkataba uliposainiwa mwaka 2024 zilitajwa zaidi ya shilingi bilioni 280, kwa uwanja wa watu 30,000. Gawanya. Ni zaidi ya milioni tisa kwa kiti kimoja. Si jukwaa, ni kiti kimoja cha plastiki cha kuweka makalio. Kwa pesa hiyo unanunua bodaboda tatu mpya. Yule mama wa supu, tuseme anabakiwa na faida ya elfu kumi kwa siku, atahitaji zaidi ya miaka miwili na nusu kulipia kiti kimoja, bila kupumzika Jumapili wala Krismasi. Na kiti hicho kitakaliwa mara ngapi wakati wa AFCON? Michuano ya timu 24 ina mechi 52, zinagawanywa kwa nchi tatu na viwanja kadhaa. Fungu la Arusha halitazidi vidole vya mikono yako.

Wapinzani wa uwanja hutumia namba hii kusema pesa imetupwa, na kwa yatakayofuata baada ya fainali wana hoja. Tangu JKT Oljoro ishuke daraja mwaka 2014, jiji limezoea hata kuazima timu ya Tanga ili lizione Simba na Yanga. Mimi naisoma namba ileile kwa upande wa pili. Kiti cha milioni tisa hakiwezi kulipwa na tiketi, hata ukiuza kila mechi hadi mlango ufungwe. Kama kitalipwa kabisa, kitalipwa nje ya geti: kwenye sufuria, gesti, vifodi, vibanda vya jezi, na ushuru unaotokana na hivyo vyote. Sasa tazama tunavyojiandaa.

Neno linalosikika kila kikao ni usafi. Mji upendeze, barabara ziwe wazi, wageni wasione vurugu. Hakuna anayependa mitaro iliyoziba, na kwa barabara sina ubishi, Olmoti na Muriet zilihitaji lami hata kama mpira usingekuja. Ila kwenye miji yetu usafi una historia. Mwishoni mwa 2021 machinga walitolewa barabarani nchi nzima, na waliohamishiwa mbali na njia za watu wanakumbuka jinsi wateja walivyogoma kuwafuata. Mama ntilie akisikia mji utapendezeshwa, anaanza kukunja turubai.

Kuna na jambo la wadhamini. Mashindano makubwa huja na masharti ya biashara, na eneo linalozunguka uwanja hulindwa kwa ajili ya waliolipia matangazo. Afrika Kusini mwaka 2010, miji iliyoandaa Kombe la Dunia ilitunga sheria ndogo zilizowaweka wachuuzi mbali na viwanja, na watu waliokuwa wameuza chakula mahali pamoja kwa miaka wakabaki kuangalia shamrashamra kwa mbali. Brazil wakakaribia kufanya yaleyale. Pale Salvador wapo akina mama wauza acarajé, maandazi ya kunde yanayokaangwa kwa mawese, nao wamevaa sketi pana nyeupe. Walipoambiwa hawatauza uwanja wa Fonte Nova, hawakukunja turubai. Walikusanya saini, wakaandamana, na mwaka 2013 wachache wao wakaruhusiwa kukaanga palepale uwanjani. Hawa ni mama ntilie kama wetu, tofauti ni sketi.

Watu wa utalii watasema naitetea vurugu, na hapo sibishi sana. Matapeli watakuja pamoja na wageni, wengine wamezaliwa hapahapa na tunawajua kwa majina. Chakula cha barabarani kikimuumiza tumbo mgeni mmoja, habari itafika mbali kuliko bao lolote. Na sisi hatujapata jaribio: CHAN ya Agosti 2025, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa upande wetu ilichezwa Dar es Salaam na Zanzibar, Arusha tuliitazama kwenye vibanda umiza. Lakini dawa ya hayo ni maji ya bomba, vyoo, vitambulisho na bwana afya anayepita asubuhi badala ya jioni wakati chakula kimeshaliwa. Pesa ya kuanzia ipo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mama ntilie ishirini wenye meza safi na mahali palipochorwa kwenye ramani kabla wadhamini hawajachora pao si ndoto. Ni kikao kimoja cha madiwani.

Wiki iliyopita nilipita tena kwa yule mama. Sufuria mbili, kama kawaida. Amekwisha kuunda kikundi na wenzake saba, wana hadi daftari la michango. Akaniuliza kibali cha kuuza Olmoti siku za mechi kinaombwa kata, jiji, au kwa hao hao wa mpira, na mwisho wa kupeleka majina ni lini. Nilimaliza supu yangu nikiwa sina jibu.