Kiyama cha Mfukoni

Mimi si mtu wa makuu. Nilimwomba binti yangu kitu kimoja tu: mwenye nyumba akipiga, simu ilie tofauti, nijue ya kutopokea. Yeye kanishushia kiyama.

Niko kwenye daladala, nimebanwa kati ya ndoo ya samaki na mgongo wa jamaa, mara mfukoni PAA! PAA! PAA! PAA! Matarumbeta, ngoma, umati unapiga ukunga. Mama wa ndoo akafanya ishara ya msalaba. Konda akagonga bodi, dereva akakanyaga breki, samaki wawili wakahamia mapajani mwangu.

Jioni: "Shikamoo baba." Marahaba, muuaji! Ile ni nini?

"Dies irae ya Verdi, baba. Ndiyo inayovuma." Hata macho hakuinua.

Nikaitafuta mwenyewe. Kumbe ni kipande cha misa ya wafu! Giuseppe Verdi, Mwitaliano, alimtungia mwandishi Alessandro Manzoni, aliyefariki 22 Mei 1873. Mwaka ulipotimia, siku ileile, ikaimbwa katika kanisa la San Marco, Milano, Verdi mwenyewe kasimama mbele anaongoza. Dies irae maana yake siku ya ghadhabu, maneno ya nabii Sefania hayo. Na ile ngoma kubwa mzee aliiandikia maagizo kabisa: iwambwe ikakamae, mlio utoke mkavu na wa nguvu. Alifanikiwa. Muulizeni mama wa samaki.

Sasa heshima yote hiyo, fungua video fupi za kwenye simu uone inakoishia. Paka kaangusha glasi: siku ya ghadhabu. Chapati imeungua: siku ya ghadhabu. Bwana kasahau tarehe ya kuzaliwa ya mkewe, kwaya nzima inamlilia. (Huyo wa mwisho namwachia, anastahili.) Wajapani angalau walitenda haki: filamu yao ya mwaka 2000, Battle Royale, inafungua nayo, na humo wanafunzi wa darasa moja wanapelekwa kisiwani wauane. Hapo sawa, maiti zipo. Chapati inafiwa na nani?

Nikaisikiliza misa yote, saa nzima na ushee, nikijua mshindo ukishapita umepita. Wapi! Unatulia, waimbaji wanabembeleza taratibu kama wanalaza mtoto, unavuta pumzi, unasema afadhali, hapohapo PAA! Umerudi. Ukitulia tena, usijidanganye, hadi sehemu ya mwisho kabisa umo. Nikasema huyu Verdi naye alikuwa mpangaji.

Nimemwambia binti autoe mlio huo. "Kesho, baba." Wiki ya pili hii, na mimi sijui pa kubonyeza.

Leo tarehe tano, kodi ya miezi mitatu, na mwenye nyumba hajapiga tangu asubuhi. Nakunywa chai. Simu iko mezani, nimeifunika kwa kawa, juu nimeweka kinu. Ukimya huu siupendi hata kidogo.