Haya, Wamemstaafisha na Huyu

Nimesasisha mfumo wa kompyuta yangu, Linux, kama raia mwema, nikaandika amri yangu ya siku zote, cpufreq-info. Skrini ikajibu: amri haijulikani. Haijulikani na nani? Mimi si ninaijua!

Watu wa Linux mnaelewa kilio changu. Ile cpufrequtils yetu, programu yenye amri hiyo, ya kuchungulia kasi ya prosesa na kuishusha feni ikianza kuvuma, wameiondoa. Eti imepitwa na wakati, kazi yake inafanywa na programu nyingine, cpupower, ambayo imo ndani ya msimbo wa kerneli yenyewe, moyo wa Linux, tangu 2011. Nikaona heri nimwone kijana mmoja wa kompyuta, yule asiyevua hedifoni hata akila. Nikakaa mbele yake kwa adabu zote, kama mtu aliyefuata mafao ya marehemu.

"Kijana wangu, nataka prosesa ipunguze kasi. Siku hizi anahusika nani?"

"Gavana, mzee, ile kanuni inayochagua kasi."

"Yupi?"

"Wengi siku hizi wanatumia schedutil. Aliingia 2016, anasikilizana moja kwa moja na mpanga kazi wa kerneli."

"Basi nipeleke kwake."

"Kwako hayupo. Prosesa yako inaendeshwa na dereva, yaani programu ya kuiongoza, aitwaye intel_pstate, na hapa ana magavana wawili tu, performance na powersave."

"Niwekee huyo powersave, tumalize."

"Ndiye aliyepo sasa hivi, mzee."

Nikatazama skrini. Gigahezi 3.4, na feni inavuma mpaka karatasi zinataka kuruka mezani. "Huyu ndiye wa kubana umeme?"

"Unayemfikiria wewe ni powersave wa dereva mwingine, acpi-cpufreq. Yule anaganda kwenye kasi ya chini kabisa. Huyu anapanda na kushuka kufuata kazi."

"Kwa hiyo mwamuzi ni dereva?"

Kijana akavua hedifoni upande mmoja. Hapo nikajua mambo ni mazito. "Siyo hasa. Prosesa za Intel kuanzia Skylake, 2015, zinaweza kujipangia kasi zenyewe. Dereva anatoa mwelekeo tu."

Mwelekeo! Nikavuta pumzi, nikauliza kwa sauti ya mtu mzima, "Na mimi mwenye mashine, nina nafasi gani humu?"

"Unaweza kuweka ukomo wa juu."

"Kwa amri ipi?"

"cpupower frequency-set, halafu -u."

Jamani, -u ni ileile ya zamani! Kazi ileile, ukomo uleule, wameongeza urefu wa kuandika tu. Haya, kimoja nitawapa: cpufreq-set, ile amri ya zamani ya kubadili kasi, usipoitajia kiini cha prosesa ilikuwa inagusa cha kwanza tu, vingine unavizungukia mwenyewe kimoja kimoja, na huyu mpya anavishika vyote kwa mkupuo. Mbona hilo hawakulisema mapema? Wangesema tu, "Mzee, pole, hii ni nafuu," ningeifuta kwa mkono wangu.

Sasa kila mwongozo unaoufungua bado unakuagiza usakinishe ya zamani. Unasakinisha nini, hewa? Na lile faili langu la /etc/default/cpufrequtils lipo palepale, nimeandika GOVERNOR kwa herufi kubwa, sina hata wa kunisomea.

Wala si huyu peke yake. Tulizoea ifconfig ya kupanga mtandao, tukaambiwa sasa ni ip. Tukashika netstat ya kuona miunganisho, ikaja ss, herufi mbili, mtu unaona hata haya kuitamka. Vinavyofanya kazi ndivyo vinavyoondolewa! Ile printa ya pale kwenye korido inatafuna karatasi tangu lini, kila siku inadai wino wa bluu wakati nachapa nyeusi tupu, umesikia wapi mtu akisema imepitwa na wakati? Juzi imenichapia nusu ya barua, nusu nyingine ikasema nisubiri. Niko hapa nasubiri.