Al-Inkishafi Isomwe Pate, si Darasani Pekee

Juzi mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, alinionyesha daftari lake la fasihi. Ukurasa mzima ni Al-Inkishafi: vipande vinne kwa ubeti, mizani kumi kwa kila kipande, mpangilio wa vina, taswira, dhamira ya mtunzi. Mwandiko safi, hakuna kosa hata moja. Halafu akaniuliza, "Mjomba, kwani Pate ipo kweli?"

Yeye simlaumu. Ila nilikasirika, na hasira haijaniisha. Mtoto kazaliwa Mombasa, kafundishwa utenzi mkubwa kabisa wa pwani hii, na hakuna aliyemwambia kwamba mji unaoliliwa humo uko kaunti ya Lamu, una watu na misikiti, na kwamba akitaka anaweza kwenda.

Ipo. Unapanda chombo Lamu kwa kufuata maji, maana yakitoka, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki vizuri, unabaki kutazamana na mikoko. Unashuka Mtangawanda, kisha ni miguu yako mpaka Pate. Kando ya nyumba za leo ndipo penye magofu: kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, na kati ya kuta wenyeji wamelima tumbaku.

Nilisimama mbele ya ukuta mmoja uliobakia na safu ya zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo. Nikatia mkono katika kidaka kimoja. Kilikuwa cha kutosha bakuli moja tu, kingo zake bado zimenyooka, na ndani mlikuwa na majani makavu ya kiota. Chokaa ikanishika vidoleni. Ubeti unaosema kwamba katika zidaka zilizopangwa visahani sasa wanalala makinda ya ndege, na bundi wanakoroma ndani ya nyumba, niliuhifadhi tangu skuli. Darasani ubeti huo huandikiwa "taswira" pembeni, kisha mwalimu akafungua ukurasa mwingine. Pale Pate unatambua kwamba mtunzi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alikuwa akitaja vitu. Vyombo, taa, kumbi, watu waliokuwa wakilala kwenye vitanda vizuri. Watu hao walikuwa jamaa na majirani, watawala wa ukoo wa Kinabahani na matajiri wa biashara ya bahari, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe na kile kipigo walichopata kwa watu wa Lamu huko Shela mwanzoni mwa karne ya 19 vikaumaliza mji.

Tena mtunzi mwenyewe ndiye anayetutuma! Anauambia moyo wake, kama huamini, nenda ukazitazame nyumba zao, ukiita hakuna wa kukuitika. Utenzi unaomwamuru msomaji atoke akaone, sisi tunamfungia ndani nao ahesabu mizani. Hilo ndilo linaloniuma. Sisemi mizani isifundishwe. Bila mizani huwezi kuusoma kwa sauti ukapendeza. Lakini mtoto akijua mizani kumi asijue Pate, amepewa kibuyu bila maji.

Na kisiwa hicho hakina utenzi mmoja. Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani ni wa Pate, mwaka 1728. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka wa Siyu, na mwaka 1858 akamwachia bintiye wasia ambao bado tunabishana nao. Kutoka Pate hadi Siyu ni njia ya mashambani ya kilomita kama 8, na mwisho wake ni ngome. Ukipumzika chini ya ngome ile ukiwa na utendi wa Mwana Kupona mkononi, utamsoma kama mke wa mtawala aliyepigana na majeshi ya Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na hutamwona tena kuwa mama wa mawaidha ya jikoni tu.

Haya, najua: nauli ni ghali, na hali ya usalama Lamu imewahi kuwatia wazazi hofu ya haki. Nakubali. Lakini walio Mombasa wana mshairi wao Muyaka bin Haji mlangoni pao, na mashairi yake ya vita ukiyasoma chini ya kuta za Ngome ya Yesu yanasikika vingine. Walio Tanga wana Machui, alikozikwa Shaaban Robert. Huko ni mwendo wa asubuhi moja.

Nanyi wa vikundi vya kupanda milima kila Jumamosi: miguu mnayo, mikoba ya mgongoni mnayo. Tieni kitabu.

Walimu wa fasihi wa pwani, nawasihi kwa dhati, pesa za ile ziara ya mwisho wa mwaka, inayoishia kwenye mabwawa ya kuogelea, zichangeni muende Pate mara moja. Mpwa wangu atahifadhi beti zake njiani. Nyinyi ulizeni tu maji yanajaa saa ngapi.