Uelewa wa Mzazi Kuhusu Afya Upimwe kwa Vitendo

Vipimo vingi vinavyotumika kuchunguza uelewa wa wazazi kuhusu afya vimerithiwa kutoka kwenye tafiti za wagonjwa watu wazima, na kwa maoni yangu urithi huo umetupotosha kwa kiasi fulani. Kipimo kiitwacho REALM humpa mtu orodha ya maneno 66 ya kitabibu ayasome kwa sauti, kisha alama hutolewa kwa kuzingatia matamshi tu, bila yeye kuulizwa maana ya neno hata moja. TOFHLA ya mwaka 1995 iliongeza ufahamu wa kifungu na hesabu, nayo Newest Vital Sign ya mwaka 2005 huuliza maswali sita kuhusu lebo ya aiskrimu. Vyote vina manufaa yake. Hata hivyo, mzazi aliyeamshwa usiku wa manane na homa ya mtoto hahitaji kutamka neno gumu. Anahitaji kujua uzito wa mtoto, nguvu ya dawa iliyomo chupani, kiasi cha kumnywesha na saa ya kurudia.

Kazi hiyo ni nzito kuliko ya mtu mzima anayejitibu mwenyewe, kwa sababu dozi ya mtoto hubadilika kadiri anavyokua, na mtoto mchanga hana namna ya kueleza kwamba dawa imemzidi. Ndiyo maana naiona PHLAT, kipimo kingine cha uelewa wa afya, kuwa bora zaidi: ilitungwa mahususi kwa walezi wa watoto wachanga, na maswali yake yanahusu kuchanganya maziwa ya unga, kusoma lebo za vyakula na kukokotoa dozi.

Ushahidi ulionishawishi zaidi ni jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2016, ambapo wazazi zaidi ya 2,000 walipewa dawa ya maji na vifaa vya kuipimia. Kila mmoja alipima mara tisa, na takriban asilimia 84 walikosea walau mara moja, huku mmoja kati ya watano akipima, angalau mara moja, zaidi ya maradufu ya dozi iliyoandikwa. Walipotumia vikombe vidogo walikosea zaidi kuliko walipotumia bomba la kupimia (mfano wa bomba la sindano, lakini lisilo na sindano). Ni kweli kwamba uelewa mdogo huongeza makosa, lakini kosa linalowapata watu wengi kiasi hicho, tena likapungua kwa kubadilisha kifaa tu, haliwezi kubebeshwa mzazi peke yake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotaka kila mzazi apewe mtihani wa kusoma anapoingia kliniki. Asiyejua kusoma vizuri huona aibu, na mwenye aibu huitikia kwa kichwa na kuondoka na swali lake. (Wenye shahada nao huitikia hivyohivyo, ila hakuna anayewashuku.) Muuguzi amwombe kila mzazi, bila kubagua, apime dozi ya kwanza mbele yake na aeleze kwa maneno yake dalili zitakazomrudisha kliniki haraka. Matokeo yaandikwe kwa jina la dawa na kifaa, si kwa jina la mzazi, na pale wengi wanapokosea hatua ileile, kinachopaswa kurekebishwa kwanza ni lebo, kikombe au maelezo ya muuguzi mwenyewe.