Mwili Mtupu, Jiwe la Bismarck na Kichocho

Tuseme msanii anaandaa onyesho la ufukweni Mwanza kuhusu historia ya watu kuishi uchi kwa hiari, na uhusiano wa jambo hilo na mazingira. Hana turubai wala kinyago. Mwili wake ndio kazi yenyewe. Avue nguo au asivue?

Wanaosema avue wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa. Nguo humtangulia mtu kusema: suti, sare, mtumba, kila moja inampa daraja lake. Mwaka 2007 mpiga picha Spencer Tunick, akishirikiana na Greenpeace, aliwapanga watu wapatao 600 wakiwa uchi juu ya barafu ya Aletsch, Uswisi, ambayo inayeyuka kwa sababu ya joto la dunia. Ngozi juu ya barafu ilitosha. Ungewavalisha makoti, ingekuwa picha ya watalii.

Lakini hoja hiyo ina kwao. Uchi wa pamoja kama itikadi ulishika mizizi Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, watu wakikimbia moshi wa viwanda. Bustani ya namna hiyo ilifunguliwa kaskazini mwa nchi hiyo mwaka 1903. Wakati huo Mwanza ilikuwa chini ya Wajerumani haohao, na lile jiwe maarufu majini hadi leo linaitwa kwa jina la kansela wao, Bismarck. Kule aliyevua alijiita mpenda afya. Huku aliyevaa kidogo aliitwa mshenzi. Hata baada ya uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali iliendesha kampeni ya kuwavalisha Wamaasai. Anayevua leo mbele ya watu wa Kirumba, hapo Mwanza, anaweza kudhani anawaonyesha uhuru, kumbe wao wanaona zile picha za kikoloni ambazo waliopigwa hawakuulizwa. Hilo kwetu lina uzito kuliko hata sheria inayokataza mambo ya aibu hadharani, ingawa nayo ipo.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Wazo la kurudi kwenye asili bila nguo linadhani asili itakupokea kwa wema. Ziwa Victoria lina konokono wadogo kwenye maji yaliyotulia na penye majani, nao hutoa vijidudu vya kichocho, yaani minyoo ikiwa bado michanga, visivyoonekana kwa macho. Hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa dakika chache. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali; kuingia alfajiri hupunguza hatari, hakuiondoi. Wengi hukosea kwa kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, jioni ileile waliyoingia majini. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, michanga huiponyoka. Ndiyo maana dozi, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, hufaa wiki 6 hadi 8 baadaye, kwa maelekezo ya zahanati.

Kwa hiyo tunashauri onyesho lifanyike juu ya jawe kavu, msanii akiwa na fulana na kaptula za kubana zilizopakwa udongo wa mfinyanzi pamoja na ngozi iliyobaki wazi. Udongo ulowekwe usiku kucha, uchujwe kwa kitambaa, ukorogwe uwe kama uji mzito. Ukizidi uzito hudondoka kwa mabonge. Ukiwa sawa, hukauka kidogokidogo na kupasuka kwanza kwenye viwiko na magoti, kila anapokunja. Hapo ndipo mtazamaji husogea karibu. Aanze kabla ya saa mbili asubuhi, maana mchana jawe huunguza nyayo.

Kinachoharibu kazi ni mwisho: msanii, udongo ukimvuta ngozi, anakimbilia ziwani kunawa. Ziwekwe mapema ndoo tatu za lita 20 za maji ya bomba, au ya ziwa yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa kwa saa 48.

Wapinzani wetu watasema pindo la kaptula litaonekana udongo ukipasuka, na kweli litaonekana. Ukali fulani wa mwili mtupu utapotea, nasi tunaukosa kweli.

Jambo moja halibadiliki avue asivue: choo. Mayai ya kichocho cha tumbo hufika majini kwa kinyesi, ndipo konokono huambukizwa. Hadhira ya watu 100 isiyo na choo mbali na maji italilisha ziwa ugonjwa uleule ambao onyesho linauzungumzia.