Spilita ya Matundu Manane

Msimu wa korosho, mama mkwe wangu alishuka kutoka Newala kuja kutusalimia hapa Chikongola. Kila jioni alitaka kuongea kwa video na mwanawe wa Dodoma, na kila jioni shemeji yangu aliganda mdomo wazi kama samaki kwenye meza ya Feri.

"Baba Zuhura, hii intaneti ya kebo imekufa," mke wangu akasema. "Ita fundi."

Fundi wa nini, na mimi nipo? Nikaenda sokoni nikanunua spilita ya matundu manane, kile kidude unachochomeka waya wa kebo upande mmoja, ukatoa nyaya za televisheni na intaneti upande wa pili. Tuliyokuwa nayo ilikuwa na mawili tu, na hesabu yangu ilikuwa hii: bomba lenye midomo minane litatoa maji mengi. Muuzaji alinitazama kwa huruma. Nilidhani ni wivu.

Nikakaza msuli kiunoni, nikapanda darini. Ile ya zamani sikuitoa, mali haitupwi. Nikaiacha karibu na modemu, kile kiboksi cha intaneti, mpya nikaiunga nyuma yake. Matundu yaliyobaki wazi nikayahesabu kuwa akiba.

"Mama Zuhura, vipi huko?"

"Mwanzo ilikuwa inasuasua. Sasa haipo kabisa!"

Nikageuka kwa hasira. Mguu ukaikosa boriti, ukakanyaga silingi bodi.

Chini, mkwe alikuwa mkekani anamenya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu Kusini. Ulianza kushuka mguu wa kushoto. Ukafuata wa kulia. Msuli haukufuata, ulinasa kwenye msumari. Nilikuwa na kaptula ndani, ndiyo, lakini ile kaptula na spilita yangu zilikuwa sawa kwa matundu. Nikabaki naning'inia kama popo, mbele ya mama mkwe! Mama wa watu akajifunika kanga usoni, akasema taratibu, "Karibu ming'oko, baba."

Kesho yake fundi akaja na mita yake ya kupima nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Waya unaoingia kutoka nguzoni ulisoma chanya 2, safi. Kwenye modemu, hasi 20. Akapanda (kwa ngazi, na suruali), akashuka na spilita ya tatu, iliyofungwa na mpangaji wa zamani, imeliwa na kutu la hewa ya bahari. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa ikimgandisha shemeji.

"Bosi, spilita haiongezi, inagawa," akasema. "Hii sinia moja ya ubwabwa. Ya njia mbili inakula desibeli 3 na nusu, hii yako ya nane inakula kama 11. Umezipanga foleni, modemu imekuta ukoko. Televisheni kazi yake kusikiliza tu. Modemu inasikiliza na kujibu, ndiyo maana inakuwa ya kwanza kufa."

Akafunga spilita mpya moja ya njia mbili pale waya unapoingilia: mkono mmoja moja kwa moja kwenye modemu, mwingine kwenye ile ndogo ya zamani kwa ajili ya televisheni mbili. Mita ikasoma hasi 1 na nusu. Dakika 20, kazi imekwisha. Silingi bodi ilinila siku mbili na nusu ya mshahara.

Mkwe alirudi Newala bila kunitazama usoni. Wiki iliyofuata akapiga video. Picha ilikuwa safi kama kioo, hata shanga za kofia yangu zilihesabika.

"Eh, baba," akasema, "sasa nakuona vizuri. Simama kidogo basi, nione kama leo umevaa suruali."