Kutoka aiskrimu ya Magamba hadi barua za PRL: namba ya jarida inapima nini?

Mwaka 1969 jarida dogo la walimu wa fizikia la Uingereza, Physics Education, lilitoa makala yenye kichwa cha neno moja na alama ya kuuliza: "Cool?" Waandishi walikuwa wawili, kijana Mtanzania Erasto Mpemba na Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam. Humo Mpemba anasimulia siku moja ya mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba. Wavulana wanatengeneza aiskrimu na nafasi kwenye friji ni za kugombania. Utaratibu ulikuwa uchemshe maziwa, utie sukari, usubiri yapoe, ndipo uyagandishe. Mwenzake mmoja akatia sukari kwenye maziwa yasiyochemshwa na kuyaingiza hivyo hivyo. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameshaganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Aliuliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Osborne alipokuja shuleni kuzungumza na wanafunzi, kijana akasimama na swali lake lile lile huku wenzake wakicheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe kwa maji, na hapo ndipo makala ile ilipozaliwa.

Ikapita miaka 48. Mwaka 2017 Physical Review Letters, ambalo wanafizikia wengi wanalihesabu kuwa jarida la mbele kabisa katika fani yao, lilichapa utafiti juu ya chembechembe za mfano wa mchanga zinazogongana na kupoa, na jina la Mpemba limo kwenye kichwa cha habari. Mwaka 2024 likachapa mwingine, safari hii kwa ayoni (atomu zenye chaji) zilizonaswa kwenye mtego wa umeme, kuhusu athari ya Mpemba, yaani kilicho moto kukitangulia kilicho baridi katika kupoa, kwenye mifumo ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno kama atomu. Ninaisoma safari hiyo kila ninapoona mjadala wa wasomi wetu ukiishia kwenye swali moja: hilo jarida lina namba ngapi, yaani makala zake hutajwa na watafiti wengine mara ngapi kwa wastani?

Physical Review Letters, au PRL kama wenyewe wanavyoliita, lilianza Julai 1958. Aliyelianzisha ni Samuel Goudsmit, mhariri wa majarida ya Chama cha Fizikia cha Marekani. Kabla ya hapo kulikuwa na sehemu ya barua kwa mhariri ndani ya Physical Review, jarida lililokuwapo tangu 1893. Goudsmit alizitoa barua hizo zikajitegemea, kwa sababu habari za haraka zilikuwa zinachelewa katikati ya makala ndefu. Ndiyo maana makala zake zinaitwa barua mpaka leo. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa kurasa nne; siku hizi wanahesabu maneno, 3,750.

Uwanja wake ni fizikia yote, kuanzia chembe za msingi, nyuklia, atomu na mwanga, hadi plazma, maada mango, vimiminika, mvutano na anga za mbali. Sharti ni kwamba barua iwe na uzito kwa wanafizikia walio nje ya chumba cha mwandishi. Mwaka 1964 lilichapa makala tatu za makundi matatu tofauti zilizoeleza jinsi chembe zinavyoweza kupata masi, mojawapo ya Peter Higgs. Februari 2016 lilitangaza kwamba mawimbi ya mvutano yamenaswa kwa mara ya kwanza. Upana huu ndio fahari yake, na ndio hasa unaofanya namba yake isomwe vibaya.

Namba yenyewe ni kiwango cha kurejelewa (impact factor): wastani wa mara ambazo makala za jarida hutajwa kama chanzo katika makala nyingine. Wazo lake linatokana na Eugene Garfield, Mmarekani aliyetaka kuwasaidia wakutubi na watafiti kujua majarida gani yanasomwa na kutumiwa. Hesabu ni nyepesi. Chukua jarida lililotoa makala 100 mwaka 2022 na nyingine 100 mwaka 2023. Kama mwaka 2024 makala hizo zimerejelewa mara 800 kwa jumla, gawa 800 kwa 200, jibu ni 4. Basi. Hakuna anayeuliza zimerejelewa kwa kusifiwa au kwa kupingwa, wala rejeo 700 kati ya hizo 800 kama ni za makala tano tu.

Kwa zaidi ya miaka kumi namba ya PRL imekuwa ikipanda na kushuka kati ya 7 na 9 na ushee. Ndugu yake wa nyumba moja, Reviews of Modern Physics, yuko juu ya 30. Mtu wa mbali atasema huyu wa pili ni bora mara nne. Lakini Reviews of Modern Physics halitangazi ugunduzi. Linatoa makala chache ndefu zinazokusanya kazi za wengine, na mtafiti mwenye haraka huona ni rahisi kurejelea mkusanyiko mmoja kuliko makala ishirini za asili. Tofauti ya namba inatokana na kazi ya jarida. Ubora haujaguswa bado.

Uwanja wa utafiti nao una sauti kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika sayansi ya vifaa vipya, ambako maabara ni nyingi na kila moja inawahi kuchapisha, makala ya Januari inaweza kuwa imerejelewa mara kadhaa kabla mwaka haujaisha. Katika fizikia ya kihisabati watu ni wachache na hoja moja inaweza kuchukua miaka kuiva. Majarida yaliyojikita kwenye vifaa vya nano yanaipita PRL kwa namba bila shida. PRL wangetaka kupandisha namba yao, wangepunguza plazma na nyuklia na kuongeza vifaa vipya. Hawajafanya hivyo, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Tazama kwa karibu barua moja. Novemba 1967 Steven Weinberg alichapa PRL barua isiyofika kurasa tatu, "A Model of Leptons", iliyoonyesha jinsi nguvu dhaifu ya nyuklia na sumakuumeme zinavyoweza kuwa kitu kimoja. Katika miaka miwili iliyofuata karibu hakuna aliyeirejelea. Marejeo yalianza kumiminika mwaka 1972, baada ya Gerard 't Hooft kuonyesha kwamba nadharia za aina hiyo zinakokotoleka bila hesabu kuleta majibu yasiyo na maana. Mwaka 1979 Weinberg, Sheldon Glashow na Abdus Salam walipewa Tuzo ya Nobel. Sasa iweke barua hiyo ndani ya hesabu ya miaka miwili: iliongeza makala moja chini ya mstari wa kugawanya, na juu ya mstari haikuongeza karibu chochote. Mojawapo ya makala muhimu kuliko zote za karne ile ilikuwa inalishusha jarida lake.

Na kuna ambazo hazikupita hapo kabisa. Georg Bednorz na Alex Müller walipogundua superkondakta za kauri, zinazopitisha umeme bila ukinzani, huko Zurich, walichapa mwaka 1986 katika Zeitschrift für Physik B, jarida lisilo na kishindo cha PRL. Mwaka uliofuata wakachukua Nobel.

Hata hivyo upande wa pili una hoja nzito, na anayezipuuza hajawahi kukaa nje ya mlango wa kamati ya kupandisha vyeo. Mhadhiri kijana asiye na jina wala mkubwa wa kumshika mkono anahitaji kitu ambacho hakitegemei nani anamjua nani. Barua iliyopita PRL imesomwa na wahakiki wasiomjua, waliotaka kujua kosa liko wapi. Huo ni ushahidi unaosimama wenyewe. Ukiondoa kipimo hicho bila kuweka kingine, nafasi yake haichukuliwi na usomaji makini. Inachukuliwa na urafiki, ukabila na ukongwe. Vilevile kuna majarida ya kulipia yanayopokea chochote, mengine yakijibu ndani ya siku chache kwamba makala "imekubaliwa" pamoja na ankara. Mbele ya uchafu huo, kuuliza jarida lina hadhi gani ni busara ya kawaida. Naelewa kabisa kwa nini Tanzania ilipoanza kuwatuza kwa fedha wanasayansi wake wanaochapisha nje, iliangalia majarida yenye hadhi kubwa. Fedha ya umma inahitaji kigezo kinachoweza kuelezwa.

Hata kisa cha Mpemba kina upande huo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima maji kwa uangalifu na kusema hawakuona ushahidi wa maana wa athari hiyo. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto kidogo tu kunaweza kubadili jibu. Kuhusu maji ya kawaida ubishi bado upo. Wahakiki wakali wangemuuliza Osborne maswali hayo mwaka 1969, na pengine tungekuwa na vipimo bora zaidi. Sikatai. Lakini nadhani wangeirudisha makala, na swali lingefia kwenye bahasha. Jarida la walimu lililipa swali nafasi ya kuishi hadi nadharia ilipolifikia, kwenye mifumo ambayo hakuna aliyeiwazia wakati ule.

Ukali wenyewe nao una mipaka. Mwaka 2023 PRL liliondoa makala ya sulfidi ya manganizi ambayo lilikuwa limeichapa, baada ya kubainika mashaka kwenye data. Katika jarida jingine, Chaos, Solitons & Fractals, ilikuja kujulikana mwaka 2008 kwamba mhariri mwanzilishi alikuwa amejaza humo makala nyingi mno za kwake mwenyewe, huku namba ya jarida ikionekana nzuri. Aliyehukumu kwa namba angelizawadia jarida hilo.

Halafu kuna hesabu ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2015 makundi mawili ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, yaani ATLAS na CMS, yalichapa PRL kipimo cha masi ya chembe ya Higgs. Waandishi ni 5,154. Kati ya kurasa 33, tisa ni za sayansi; 24 zilizobaki ni majina na taasisi. Mmoja wao akileta makala hiyo mbele ya kamati, apewe alama ngapi? Namba ya jarida haina jibu, kwa sababu haikuulizwa kamwe habari za watu. Higgs mwenyewe aliwahi kusema, mwaka 2013, kwamba katika mfumo wa leo asingepata kazi, maana asingehesabika kuwa anazalisha vya kutosha.

Kwa wanafizikia wa kwetu kipimo hiki kinabana mahali pawili. Pa kwanza ni ada za uchapishaji, ingawa hapo mambo yamelegea kidogo: tangu 2018 barua za PRL za fizikia ya chembe ziko wazi kwa wote na mwandishi halipi, kwa mpango wa SCOAP3 unaosimamiwa na CERN. Lakini ni fizikia ya chembe tu. Pa pili ndipo panaponiuma. Anayepima jinsi vumbi la Dodoma linavyopunguza umeme wa paneli za jua, au jinsi joto linavyosafiri kwenye miamba ya Olkaria huko Kenya, hawezi kuingia PRL, na PRL halina kosa, kwa sababu sharti lake ni maana pana kwa fizikia yote. Kosa linakuja sisi tunapogeuza sharti la mhariri wa Marekani kuwa kipimo cha utafiti upi ufanywe Dodoma. Kijana mwenye akili anaona njia ya cheo imepita wapi, naye anaifuata, akiacha nyuma swali ambalo yeye peke yake alikuwa na nafasi ya kulijibu.

Msimamo wangu ni huu. Namba ibaki maktaba, inasaidia kuamua jarida lipi tulilipie, na ibaki kama kichujio cha kwanza dhidi ya majarida ya kitapeli. Inapofika kwa mtu, ikae pembeni. Azimio la San Francisco, la wahariri na wachapishaji wa majarida ya kisayansi kuhusu namna ya kupima utafiti, lilisema hivyo tangu mwisho wa 2012, na China, iliyokuwa imezama kwenye hesabu hizi kuliko wengi, ilianza kuvitaka vyuo vyake viachane nazo mwaka 2020. Mwombaji alete kazi zake tatu anazoziona bora, aeleze kwa ukurasa mmoja alichofanya yeye katika kila moja, na wajumbe wawili wanaojua fani wazisome na kuandika walichokuta, kwa majina yao. Najua jibu la wakuu wa vitivo: muda hautoshi. Lakini barua ya Weinberg haifiki kurasa tatu, na makala ya Mpemba na Osborne ni kurasa nne. Zote mbili zinasomeka asubuhi moja, na fomu ya leo ya kupandisha vyeo isingeipa hata mojawapo alama ya maana katika miaka yake miwili ya kwanza.